Duara la Pangani

Nyie mnaokuja kushona kwangu mmenimaliza. Kila anayeleta kitambaa hapa Nyasubi, mjini Kahama, kabla sijamchukua hata kipimo, anauliza, "Mama Kulwa, bahari ikoje?" Nimesimulia mpaka koo limekauka, na kila nikisimulia kuna kitu nasahau. Basi nimeandika. Daftari litakaa hapa kando ya cherehani, anayetaka asome, asiyetaka asubiri gauni lake kimya kimya. Habari za kukata tiketi siziandiki, hizo mnazijua wenyewe.

Kwa mgeni asiyetujua: mume wangu ni Masanja, Baba Kulwa, mchimbaji wa dhahabu huko Geita. Yeye na wenzake wana duara lao, yaani lile shimo wanaloshuka kwa kamba kufuata mwamba. Watoto ni watatu. Kulwa na Doto ni mapacha wa miaka tisa, Kulwa msichana, Doto mvulana, halafu Shija aliyewafuata, wa miaka mitano, mwenye maswali ya mtu wa miaka hamsini.

Safari hii tuliipanga miaka mitatu. Kila likizo ikikaribia Masanja alikuwa anasema, "Tumalize hili duara tu, Mama Kulwa, halafu tunakwenda." Duara likiisha linaanza jingine. Mimi nikazoea kwenda peke yangu nikiwa nimekaa hapahapa. Mguu unakanyaga cherehani, kitambaa kinapita, na mimi niko pwani, nimevaa gauni jeupe ambalo sina, naitazama bahari ambayo sijawahi kuiona. Mara ngapi nimeshona mkono wa kushoto kulia, mnajua wenyewe, mmerudisha nguo.

Niwaambie ukweli wa nilichokuwa nataka. Bahari niliitaka, ndiyo. Lakini zaidi nilitaka kumtoa yule mwanaume shimoni, hata kwa siku kumi, aone kwamba juu ya ardhi kuna maisha. Moyoni nilikuwa naomba asirudi tena. Hilo sikumwambia mtu, na yeye ndiye wa mwisho ambaye ningemwambia.

## Nyasubi hadi Didia

Masanja alifika kutoka Geita siku moja kabla, na vumbi lake lote. Sikuamini mpaka nilipomwona anaoga. Jioni tukapanda gari kwenda Didia kwa mama yangu, tulale huko, asubuhi tulidakie basi pale Tinde.

Mama alitupokea kana kwamba tunahama nchi. Alikuwa ametuandalia mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani, mzito kama Shija mwenyewe.

"Mama, huko watu wanakula wali wa nazi," nikamwambia.

"Ng'wanawane, mwanangu, mtu haendi ugenini mikono mitupu. Utampa mwenye nyumba. Na mumeo huyu anakwenda kweli au anawasindikiza?"

Masanja akacheka. "Nakwenda, mayu. Mpaka kwenye maji yenyewe."

"Haya. Tutaona," akasema mama, na akamtazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

## Tinde hadi Singida

Basi lilikuja likiwa limejaa jua. Siwezi kueleza vingine. Lilitoka upande wa Kahama, vioo vyote vinawaka, na sisi watano tumesimama kando ya barabara na mabegi yetu, Shija ameshavaa nguo ya kuogelea tangu alfajiri. Nguo hizo nilizishona mwenyewe, za kitenge, nne zinazofanana na ya tano ya Baba Kulwa. Mtakuja kusikia zilivyonifanya.

Nzega, Igunga, milima ya Sekenke. Mimi nilikuwa nalala na kuamka, nalala na kuamka, na kila nikiamka nchi imebadilika kidogo, kama mtu anayegeuza khanga taratibu mbele ya dirisha. Mashamba ya alizeti yalipita. Kichwa cha Doto kilikuwa begani kwangu, kichwa cha Masanja begani kwa Doto. Niliwaza, hata kama hatufiki, hii inatosha.

Kisha Shija akapiga kelele. "Bahari! Jamani bahari!" Amesimama juu ya kiti, anavua viatu. Nikatazama, na kweli kulikuwa na maji mapana, yanametameta, na ndege weupe juu yake. Moyo ukanipasuka kwa furaha. Niliamini, niwaambie. Dada mmoja wa kiti cha mbele akageuka, akasema kwa upole, "Hilo ni ziwa, mama. Hapa ni Singida."

Basi zima likacheka, na mimi nikacheka nalo, lakini Shija alikataa kuvaa viatu mpaka Dodoma.

Pale Singida basi likaharibika. Mkanda wa feni ulikatika, wakasema nusu saa, ikawa saa nne nzima. Tulikaa kivulini tukala kuku wa kienyeji wa pale, mgumu na mtamu, wa kuvuta kwa meno. Ndipo simu ya Masanja ikaita. Alisimama, akaenda mbali kidogo. Alikuwa ni Mabula, mwenzake wa duara. Sauti ya Mabula husikika hata bila simu.

"Mkubwa! Mwamba umeonekana! Unang'aa wenyewe! Rudi!"

Masanja alirudi akachukua begi lake, akaliweka begani. Hakusema anakwenda wapi. Barabarani, ng'ambo, basi la kwenda Kahama lilikuwa linakuja polepole, kondakta ananing'inia mlangoni anatafuta abiria. Masanja akalitazama. Mimi nikamtazama yeye. Kinywa changu kilijaa maneno ya miaka mitatu na sikutoa hata moja, kwa sababu nilijua nikianza sitamaliza.

Kulwa akamwambia, "Baba, nishikie," akampa paja lake la kuku, akainama kufunga kamba za kiatu. Huyo mtoto kufunga kamba humchukua mwaka. Masanja akasimama pale na begi begani na paja la kuku mkononi, na basi la Kahama likapita.

"Limeondoka lile," akasema.

"Lipi?" nikauliza, kana kwamba sikuona.

## Dodoma hadi Muheza

Hapa sina mengi. Tulilala Dodoma, tukaondoka mapema. Nchi ikazidi kuwa ya kijani kila nilipofumbua macho, milima ya Morogoro ikaja ikiwa na mawingu mabegani, hewa ikawa nzito na ya uvuguvugu kama ya jikoni. Kila baada ya muda Masanja anaitoa simu, anaitazama, anairudisha.

Tuliteremka Muheza kusubiri gari la Pangani. Shija alikuwa amechoka na anadeka, nikamkaripia kwa Kisukuma. Mzee aliyekuwa anauza machungwa kando yetu, amevaa kanzu na kofia, akainua kichwa.

"Mwadila, mayu," akasema.

Nilishtuka kama nimeitwa na marehemu. "Mwadila, baba! Shikamoo. Wewe wa wapi?"

"Marahaba. Mimi wa hapahapa, mama yangu Mbondei. Baba ndiye alikuwa wa kwenu, wa Shinyanga. Alinifundisha kusalimia tu, na kuhesabu ng'ombe." Akacheka, meno machache. "Hiyo Shinyanga bado ipo?"

"Ipo, baba. Ina lami siku hizi."

Akatumenyea machungwa, akakataa tumlipe. Akasimulia jinsi baba yake alivyokuja kukata mkonge, manamba, zamani za Mwingereza. "Alisema msimu mmoja tu. Apate ng'ombe wa kuolea, arudi. Kila mwaka alikuwa anasema msimu mmoja. Hata siku anaumwa sana alituambia tumfungie mizigo, msimu ukiisha anakwenda." Akaonyesha kwa kisu upande wa mashamba. "Yuko kule, nyuma ya mkonge."

Masanja alikuwa ameshika chungwa nusu, halifiki mdomoni. Nilitaka kumwambia, umesikia? Sikumwambia. Lakini alisikia, kwa sababu tulipopanda gari aliuliza, "Na mkewe? Yule aliyemwacha Shinyanga?" Nikamwambia mzee hakusema kama alikuwa na mke. Akasema, "Labda alikuwa naye," akageukia dirishani.

## Pangani

Nilikuwa nimeifikiria bahari kwa namna elfu. Hakuna hata moja ambamo haikuwepo.

Tulifika saa kumi na moja jioni, tukapeleka mizigo kwa Bi Rehema, mama wa makamo anayepangisha vyumba, halafu tukakimbia, watano, na nguo zetu za kitenge, mpaka ufukweni. Kulikuwa na mchanga. Mchanga, na matope, na mchanga tena, mpaka mbali kabisa ambako kulikuwa na mstari mwembamba wa samawati.

"Wameipeleka wapi?" Doto akauliza.

Masanja akaweka mkono juu ya macho, akakagua kama fundi. "Wameivuta kwa pampu," akasema.

Tukarudi nyumbani tumenyong'onyea. Bi Rehema alicheka mpaka akashika ukuta. "Maji yamekupwa, wanangu. Yatajaa. Bahari haina haraka, nyie ndio mna haraka." Kisha nikakumbuka zawadi, nikampa ule mfuko wa michembe. Alivichungulia, akavinusa, akanishukuru kwa mikono miwili. Usiku nyumba nzima ikajaa moshi. Tukatoka mbio, na Bi Rehema huyo anatoka chumbani kwake na chetezo, vipande vya michembe vinaungua juu ya makaa.

"Ati udi wenu wa bara mkali hivi?" akauliza, machozi yanamtoka.

Nilipomwambia ni viazi alikaa chini kwenye kizingiti. Kesho yake alivipika kwa tui la nazi, na hapo mama yangu angepanda basi mwenyewe kuja kula.

Kesho yake hiyo pia tuliiona bahari imejaa. Sitaieleza sana, nitaiharibu. Ilikuwa kubwa na ilikuwa inapumua. Watoto waliingia wakatoka wakaingia. Vitenge vyangu vikanywa maji, Shija akashindwa kusimama kwa uzito, nikamvua nguo yote, na huo ndio mwisho wa ufundi wangu wa nguo za kuogelea. Doto alionja maji akasema nani kamwaga chumvi. Mimi nilikaa mahali ambapo mawimbi yanafika miguuni, na kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na pengine ninapopafikiria.

Masanja hakuingia. Alikaa mchangani na suruali yake, simu mkononi. Nilipotafuta sabuni kwenye begi lake nikaikuta tochi yake ya kichwani, ile ya kushukia shimoni, imefungwa vizuri ndani ya fulana.

"Hii ya nini baharini?"

"Mazoea tu, Mama Kulwa."

Nikairudisha. Roho iliniuma sana.

Siku ya tatu asubuhi maji yalikuwa yamekupwa tena, na mapacha wakachimba duara. Watoto wa watu wengine pale ufukweni walikuwa wanajenga nyumba za mchanga. Wetu hawakujua hilo. Walifanya wanachofanya uani hapa Nyasubi, ambapo udongo ni mgumu na shimo ukilichimba leo utalikuta mwaka kesho. Kulwa alikuwa msimamizi, anahesabu ndoo. Doto alikuwa chini anachimba. Walikata vijiti vya makuti wakaweka matimba pembeni, yale magogo ya kuzuia kuta, kama walivyomwona baba yao. Shija alikuwa mnunuzi, anakataa kila jiwe. Mimi niliwatazama nikisinzia, jua limenishika, nikajisemea jinsi gani wanapendeza. Masanja alikuwa amelala chali, kofia usoni.

Bi Rehema alikuwa ametuambia maji yanajaa mchana. Tulimsikia. Tulidhani yanajaa kama pipa linavyojaa, unaliona. Hatukujua yanakuja kwa chini pia.

Kelele niliyoisikia haikuwa kubwa. Kulwa alisema tu, "Doto, toka," halafu, "Baba."

Doto alikuwa ndani ya shimo mpaka kifuani, na kuta zilikuwa zimelainika kama uji. Upande mmoja ukamwangukia. Kisha wa pili. Mchanga ukambana mpaka kwapani, na povu la wimbi la kwanza likaja likamzunguka, likarudi. Nilikimbia nikamshika mikono nivute.

"Usimvute!" Masanja. Sijui aliamka saa ngapi. "Ondoka ukingoni! Wote ondokeni ukingoni! Kulwa, ndoo."

Ile sauti sijawahi kuisikia nyumbani. Ilikuwa ya chini, haina haraka. Alilala kifudifudi, akaanza kuchimba kwa mikono nyuma ya mgongo wa Doto, si mbele, anatupa mchanga mbali, anamwambia, "Pumua kidogo kidogo, mwanangu. Usipigane nao. Nitazame mimi." Wimbi jingine likaja. Doto alikuwa anamtazama baba yake bila kupepesa. Kulwa anapokea ndoo na kumwaga, anapokea na kumwaga, midomo inatetemeka lakini hakosei. Nilisimama nimemkumbatia Shija, nasema jina la Mungu na jina la mwanangu, sijui lipi lilitangulia.

Akatoka. Akatoka mzima, bila suruali, suruali imebaki chini mpaka leo. Akakohoa, akalia, akasema matimba yalikuwa mafupi.

Ndipo Masanja alipokaa chini na mwili wote ukaanza kumtetemeka. Nilidhani ni baridi, nikamfunika khanga.

"Masika," akasema. "Ile malaria."

"Malaria gani?"

"Haikuwa malaria, Mama Kulwa. Duara liliingia maji, likanifunika mpaka hapa." Akaonyesha shingo. "Tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Mabula ndiye alinichimbua. Hivi hivi, kwa nyuma."

Nikakumbuka masika yale. Wiki mbili amelala nyumbani, mbavu zimevilia damu, akaniambia alianguka na pikipiki homa ikiwa imempanda. Nikampikia uji kila asubuhi, nikampepea. Nilimpa uji mgonjwa wa uongo! Hasira ilinipanda mpaka nikamnyang'anya ile khanga. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika katika daftari ambalo Shija atajifunzia kusoma. Kisha nikamrudishia khanga, nikamshika kichwa, nikalia mpaka watoto wakaanza kutuonea aibu.

"Sitaki ushuke tena," nikamwambia. Nililisema, hatimaye. "Sitaki. Nilikuleta huku kwa sababu hiyo."

Simu ikaita, Mabula. Akaipokea. Nilisikia, "Mkubwa, tunaanza kupandisha mawe, uko wapi?" Masanja akatazama pale palipokuwa na shimo. Bahari ilikuwa imeshapita juu yake, hapana hata alama.

"Nitakujibu nikifika Kahama," akasema.

Kisha akaingia majini, na suruali yake, na kitambulisho chake mfukoni. Akasimama mpaka kiunoni ametupa mgongo. Doto akamfuata. Niliogopa kumwita, nikamwacha aende kwa baba yake.

## Pangani hadi Nyasubi

Siku zilizobaki zilikuwa tamu, lakini nilizila na jiwe mdomoni. Kahama. Atajibu akifika Kahama. Muheza mzee wa machungwa hakuwepo, kulikuwa na meza tupu tu. Singida basi halikuharibika. Shija aliliangalia ziwa kwa dharau, akasema, "Hiyo si kitu." Mimi sikulala hata kidogo, na nchi yote niliyoipita nikiota nilirudi nayo macho makavu.

Stendi ya Kahama mnaijua. Hata hatujateremsha mguu, wapiga debe wa magari ya Geita walikuwa wameshamwona. "Mkubwa! Geita hii inaondoka! Siti ya mbele tumekuwekea!" Wanamjua kwa miaka. Mmoja akamshika begi.

Masanja hakulinyang'anya. Alimruhusu alibebe mpaka mlangoni kwa gari. Mimi nikasimama na watoto na mifuko, na nikasema moyoni, basi, nimeiona bahari, hiyo hakuna wa kuninyang'anya. Doto alikuwa amenishika kidole kimoja, anakibana.

Pale mlangoni Masanja akafungua begi, akatoa ile fulana, akaikunjua. Akampa kondakta ile tochi.

"Ukifika, mpe Mabula. Mwambie ni yake."

"Na wewe mkubwa?"

"Mwambie mimi sina pa kuiwashia. Mwambie wabeja, namshukuru kwa ile siku ya masika. Ataelewa."

Akafunga begi, akaja. Hakunitazama. Akambeba Shija begani, akasema, "Twendeni, jua kali," na tukatembea mpaka hapa Nyasubi kwa miguu, watano, tumepanga mstari.

Mkiuliza atafanya kazi gani, muulizeni mwenyewe, mimi sijathubutu. Asubuhi anaamka mapema anazunguka uani kama mtu aliyepoteza ufunguo. Juzi amenitengenezea meza ya kukatia, mguu mmoja mfupi.

Siku tuliyofika nilikung'uta nguo pale uani, na mchanga wa Pangani ukamwagika chungu nzima, kutoka mifukoni, kwenye pindo, kila mahali. Masanja alikuwa anapita. Akasimama. Akachuchumaa, akachota mchanga kidogo kiganjani, akauelekeza kwenye jua, akautikisa huku na huku kwa kidole, jicho moja amelifumba. Mapacha wakaacha kucheza. Mimi nilikuwa nimeshika gauni la Shija na sikuweza kulishusha.

"Hauna kitu," akasema. Akapuliza kiganja chake, akanyanyuka, akauliza kama chai ipo.